Kabla hujasema "ndivyo tulivyoumbwa", muulize bibi

Kwenye kicheni pati za siku hizi kuna hotuba moja isiyokosekana. Mtoa mada anashika kipaza sauti, anamgeukia bi harusi mtarajiwa na kumweleza kwamba mwanamume ni mwindaji, kaumbwa atoke, na mwanamke kaumbwa akae amngoje. Zamani kungwi alisema hayo kwa kutaja mila. Huyu wa leo anataja maabara. "Hata sayansi imethibitisha," nilimsikia mmoja akisema katika ukumbi mmoja wa Arusha. "Tangu enzi za mapango baba analeta nyama, mama anachochea moto. Ukibisha, unabishana na jeni zako." Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Mimi, niliyefundisha baiolojia sekondari mpaka nikastaafu, nilibaki na sambusa mkononi nikijiuliza ni maabara gani hiyo anayoisema.

Sina ugomvi na nadharia ya mageuko. Nimeifundisha kidato cha nne na cha sita, na naamini hakuna namna ya kumwelewa binadamu ukijifanya hana mwili na mwili huo hauna historia. Ugomvi wangu ni na wanaoikata nusu. Anayetaka kuijua jamii ya watu ana maswali mawili ya kuuliza, na inampasa ayaulize pamoja: mwili huu umetoka wapi, na utaratibu ambao mwili huu unaishi ndani yake umewekwa na nani, kwa faida ya nani? La kwanza ni la baiolojia ya mageuko, la pili ni la sosholojia. Ukiuliza la kwanza peke yake unaishia kuhalalisha kila dhuluma kwa jina la maumbile. Ukiuliza la pili peke yake unaandika juu ya watu kana kwamba hawazai, hawanyonyeshi wala hawazeeki. Ukiyauliza yote mawili, anajitokeza mtu ambaye hotuba za kicheni pati zimemsahau, na bajeti za serikali vilevile. Mtu huyo ni bibi.

Tuanze na huyo mwindaji. Wala hatuna haja ya kwenda mbali, maana watafiti wa dunia nzima wanaotaka kumwona huja hapa kwetu, kandokando ya Ziwa Eyasi, kwa Wahadzabe. Ni watu wachache, zaidi kidogo ya elfu moja, na baadhi yao hadi leo sehemu kubwa ya chakula chao hutoka porini: nyama ya kuwinda, asali ya kurina, ubuyu, matunda madogomadogo na mizizi ya kuchimba. Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliifanya wilayani Karatu, ambako vitunguu vya Mang'ola ndivyo vilivyowalipia ada wengi wa wanafunzi wangu, na darasani nilikuwa na Wairaki, Wadatoga na, mara chache mno, mtoto wa Kihadzabe.

Miaka ya 1980 walifika huko Kristen Hawkes na James O'Connell wa Chuo Kikuu cha Utah, pamoja na Nicholas Blurton Jones wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Kazi yao ilikuwa ya mizani na saa: nani katoka kambini, karudi lini, kabeba nini, kina uzito gani, kimeliwa na nani. Matokeo ya upande wa wawindaji yanapaswa kubandikwa ukutani kwenye kila ukumbi wa sherehe. Kwa wastani mwindaji mmoja aliangusha mnyama mkubwa mara moja hivi katika siku 30 za kuwinda. Na akimwangusha, nyama haikuwa yake. James Woodburn, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyewafahamu Wahadzabe tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, alieleza kwa kirefu mwaka 1982 jinsi nyama ya mnyama mkubwa inavyogawiwa kambi nzima, wala aliyempiga mshale hana mamlaka ya kuizuia. Kwa hiyo mtoto wa hodari wa upinde alikula nyama sawa na mtoto wa asiyejua kulenga, na siku zile nyingine zote, wote wawili walihitaji kitu kingine cha kula.

Haki itendeke kwa akina baba pia. Frank Marlowe, aliyeandika kitabu kizima juu ya Wahadzabe mwaka 2010, alibishana na wenzake kwa kuonyesha kwamba wanaume huleta asali na wanyama wadogo, na kwamba mume mwenye mtoto mchanga huongeza juhudi pale mkewe anapopunguza kutoka. Ubishi huo haujafungwa. Lakini hata Marlowe hakuandika kwamba mama alikaa akingoja.

Nani basi aliyeleta chakula cha kila siku? Mwaka 1989 Hawkes na wenzake walichapisha makala juu ya bidii ya mabibi wa Kihadzabe, na mwaka 1997 wakaongeza takwimu za ukuaji wa watoto. Walikuta kwamba wanawake waliokwisha kukoma hedhi, watu ambao kwa hesabu za kijuujuu mageuko yalikuwa yamemalizana nao, walitumia saa nyingi porini kuliko mabinti zao wenye watoto. Na walikuta jambo zito zaidi. Kwa kawaida mtoto aliyeachishwa ziwa aliongezeka uzito kwa kadiri ya bidii ya mama yake katika kutafuta chakula. Mama akishajifungua mwingine, uhusiano huo ulikatika. Kuanzia hapo uzito wa yule mkubwa ulifuata bidii ya bibi.

Niliwahi kufuatana na kundi la wanawake wa Kihadzabe kwenda kuchimba, upande wa Bonde la Yaeda. Waliongozwa na bikizee mwembamba aliyebeba mti ulionyooka, ncha yake imechongwa kwa kisu na kukaushwa motoni. Alipofika penye mtambaa fulani ambao mimi, mwalimu wa baiolojia, nilikuwa nimeupita bila kuuona, aligonga ardhi kwa mti wake akasikiliza, akasogea hatua mbili, akagonga tena. Kisha akakaa kitako akaanza kuchimba, akizungusha mti chini ya mawe ili kuyang'oa. Udongo ule ulikuwa mgumu kama saruji. Binti yake alikaa kivulini akinyonyesha, huku mtoto wake mkubwa, wa miaka minne hivi, akimganda bibi na kuchungulia shimo. Mizizi ilipotoka ilibabuliwa kidogo motoni, ikamenywa, na kipande cha kwanza kikaenda kwa yule mtoto. Akatafuna, akafyonza utamu, akatema nyuzi. Mtoto wa umri ule hawezi kujichimbia. Ardhi haimruhusu.

Hapo ndipo lilipojengwa jibu la fumbo la siku nyingi katika baiolojia. Uteuzi wa asili unapendelea viumbe wanaoacha uzao mwingi. Kwa nini basi mwanamke aache kuzaa akiwa na takriban miaka 50, halafu aendelee kuishi kwa nguvu miaka 20 au 30? Mnyama wa kawaida huzaa karibu mpaka mwisho wa maisha yake. George Williams alilitupia jicho swali hilo mwaka 1957: huenda ikafika umri ambapo kuwalea uliokwisha kuwazaa kunalipa kuliko kuongeza mwingine. Mwaka 1998 Hawkes na wenzake, wakiegemea takwimu za Eyasi, wakalisukuma mbele. Bibi aliyechimba mizizi alimwezesha binti yake kumwachisha mtoto ziwa mapema na kushika mimba nyingine bila yule wa kwanza kufa njaa. Wanawake waliodumu na nguvu zao uzeeni waliacha wajukuu wengi, na wajukuu wakarithi maisha marefu. Kwa maelezo haya, uzee wenyewe, huu wa kibinadamu, ni kazi ya mikono ya bibi.

Nyangumi wauaji wana jambo linalofanana na hilo: majike wazee waliokoma kuzaa huongoza familia zao. Kwa upande mwingine, mwaka 2023 watafiti wa sokwe mtu wa Ngogo, katika Hifadhi ya Taifa ya Kibale nchini Uganda, walitangaza kwamba baadhi ya majike wa kundi hilo huishi miaka mingi baada ya kukoma kuzaa. Hao hawana ubibi wa namna yetu, kwa sababu binti wa sokwe mtu akikua huhama akamwacha mama yake. Kwa hiyo maelezo ya bibi peke yake hayatoshi kwa kila kiumbe, na mjadala unaendelea. Kwa binadamu bado ni moja ya maelezo yenye ushahidi wa nguvu.

Na tusiwageuze Wahadzabe kuwa jumba la makumbusho. Wameishi duniani muda uleule tulioishi mimi na wewe. Wana majirani wanaobadilishana nao bidhaa, wana watalii, wana unga wa mahindi, na wamepoteza sehemu kubwa ya ardhi yao kwa wafugaji na wakulima. Mwaka 2011 baadhi yao walipata hati ya kimila ya kumiliki ardhi huko Yaeda, jambo ambalo hakuna mtu wa mapangoni aliyewahi kulifanya. Wanatufundisha vile watu wanavyoweza kuishi, na ndiyo maana kila tunachokiona kwao kinahitaji mwanasosholojia kando ya mwanabaiolojia.

Mbona basi hao wawili hawakai meza moja? Wana sababu, na Mwafrika anayeifahamu historia hawezi kuipuuza. Charles Darwin alichapisha kitabu chake kikuu mwaka 1859. Miaka mitano tu baadaye Herbert Spencer akaleta kauli kwamba aliye fiti zaidi ndiye anayesalia, na kauli hiyo ikachukuliwa na matajiri kueleza kwa nini maskini ni maskini. Kisha likaja somo la "kuboresha uzazi", likapanda meli mpaka kwetu. Mwaka 1933 walowezi na madaktari wa Nairobi walianzisha chama cha kuchunguza uboreshaji wa mbari. Daktari H. L. Gordon alipima vichwa na kutoa hotuba, na F. W. Vint akapima uzito wa ubongo wa Waafrika waliofariki. Wakahitimisha kwamba akili ya Mwafrika ina kikomo alichozaliwa nacho, na kwamba serikali ya kikoloni ilipaswa kulizingatia hilo kabla ya kufungua shule. Hawakujishughulisha na swali kwamba watu waliowapima walikula nini utotoni, waliugua nini, walifanyishwa kazi gani, na ardhi yao ilikuwa mikononi mwa nani. Waliomba fedha London, wakanyimwa. Lakini hadithi za namna hiyo ziliota mizizi kwingineko. Nchini Rwanda, dhana ya kwamba Watutsi ni mbari ngeni na bora, iliyoenezwa na maandishi ya msafiri John Hanning Speke ya mwaka 1863, iliingizwa na Wabelgiji kwenye vitambulisho vya miaka ya 1930. Mwaka 1994 vitambulisho hivyo vilikaguliwa vizuizini, na watu wakauawa kwa neno lililoandikwa juu yake.

Baada ya historia hiyo, nani atamlaumu mwanasosholojia anayekunja uso akisikia neno "jeni"? Émile Durkheim alikuwa amekwisha kuwapa wenzake kanuni mwaka 1895: jambo la kijamii lielezwe kwa jambo la kijamii. Wengi waliishika kama amri ya dini. Mwaka 1975 Edward O. Wilson wa Harvard, bingwa wa sisimizi na siafu, alipochapisha kitabu chake juu ya baiolojia ya maisha ya kijamii na kuweka sura ya mwisho juu ya binadamu, walioongoza kumpinga walikuwa wanabaiolojia wa chuo chake mwenyewe, Richard Lewontin na Stephen Jay Gould. Mwaka 1978 waandamanaji walimmwagia maji kichwani katika mkutano wa kisayansi mjini Washington. Wanasosholojia wengi waliufunga mlango, na wakauona umefungwa vizuri.

Matokeo yake yako shuleni kwetu. Mwanafunzi wa sayansi, wa PCB, anazijua hatua za mgawanyiko wa seli kwa mpangilio, lakini anaweza kumaliza kidato cha sita bila mtu kumuuliza nani anamiliki shamba nyumbani kwao na kwa nini. Mwenzake wa sanaa, wa HGL, anachambua ukoloni vizuri kabisa, lakini ukimuuliza kwa nini binadamu huzaa mtoto asiyejiweza kwa miaka mingi kiasi kile, anakutazama tu. Wanakutana chuo kikuu, kila mmoja na jengo lake. Na kwa kuwa wasomi wameliacha pengo katikati, limejazwa na mtoa mada wa kicheni pati na wenzake wa mitandaoni, wanaouza mageuko ya viumbe kwa rejareja: kwa nini mwanamume hawezi kutulia, kwa nini mwanamke anapenda pesa. Maoni yangu ni kwamba mlango ule ulifungwa kwa sababu ya haki, lakini umefungwa muda mrefu kupita kiasi.

Tazama kinachotokea ukifunguliwa. Nchini Gambia, kumbukumbu za kitabibu zilizokusanywa vijijini tangu mwaka 1950 zilichambuliwa na Rebecca Sear na Ruth Mace. Mtoto aliyekuwa na bibi mzaa mama alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi na kunenepa, na kuwapo au kutokuwapo kwa baba hakukubadilisha sana hesabu hiyo. Mwanabaiolojia anafurahi: nadharia imesimama. Lakini vitabu vya kanisa vya eneo la Krummhörn, kaskazini mwa Ujerumani, vya karne ya 18 na 19, vinaonyesha kitu cha kutisha. Huko kuwapo kwa mama mkwe, yaani bibi mzaa baba, kuliendana na vifo zaidi vya watoto wachanga. Bibi ni bibi na damu ni damu, ila nyumba ni ya nani, na mkaza mwana anafanyishwa kazi kiasi gani akiwa mjamzito?

Malawi inafundisha zaidi. Katika jamii moja ya huko inayofuata ukoo wa mama, ambako binti haondoki nyumbani na wanawake wana haki juu ya ardhi, mtu angetarajia bibi mzaa mama awe malaika mlinzi. Sear alipochambua takwimu mwaka 2008 alikuta kinyume chake: vifo vya watoto vilikuwa vingi zaidi pale bibi na mama wadogo walipokuwapo, hasa kwa watoto wa kike, na hasa katika nyumba ambazo mali ilikuwa ya wanawake. Maelezo aliyoyapendekeza ni ushindani. Pale ardhi inaporithiwa na mabinti na ardhi yenyewe ni haba, kila mtoto wa kike ni mdai mpya wa kipande kilekile.

Mfano huu wa Malawi ndio unaonishawishi kuliko yote, kwa sababu unawanyima raha wapenzi wa pande zote mbili. Aliyedhani upendo wa bibi umeandikwa kwenye jeni na unajiendesha wenyewe, ajibu swali la ardhi. Aliyedhani kila kitu ni mfumo wa jamii, atueleze kwa nini ushindani unafuata mistari ya undugu wa damu kwa usahihi wa namna hiyo. Mageuko yametuachia uwezo: mwanamke mwenye nguvu na maarifa, ambaye hazai tena na yuko tayari kuchimba kwa ajili ya mtoto asiye wake. Uwezo huo utafanya nini, ni sheria za ndoa, urithi, ajira na mali zinazoamua.

Tuje basi kwenye sheria zetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyejifungua likizo ya siku 84, na 100 akipata pacha. Baba ana siku tatu. Siku ya 85 mtoto hajakaa kitako wala hajui kushika kijiko, na mama anatakiwa kazini. Sheria haijasema nani atamshika mtoto huyo, kwa sababu haikuona haja ya kusema. Anayeshindwa kumlipa dada wa kazi hupiga simu kijijini. Mimi nilipigiwa simu hiyo. Mwanangu ni muuguzi Dodoma, anaingia zamu za usiku, na mjukuu wangu yuko kwangu tangu alipoachishwa ziwa. Ninamlea kwa furaha, na ninamlea kwa pensheni ya ualimu. Jirani yangu analea wajukuu watatu. Alilima maisha yake yote, hakuwahi kuchangia mfuko wowote wa hifadhi ya jamii, na anafanya kazi ileile ninayoifanya mimi kwa kuuza mboga za majani na kufulia watu nguo. Umri wetu unalingana, na miili yetu mageuko yameifinyanga sawasawa. Tunachotofautiana ni daftari la mwajiri.

Kagera walilijua hili kabla yetu. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983, na ndani ya miaka michache kizazi cha kati kikaanza kupungua. Mabibi wakarudia malezi upya, safari hii bila binti wa kusaidiana naye. Wilayani Muleba shirika la Kwa Wazee lilianza kuwalipa wazee kiasi kidogo cha fedha kila mwezi, na tathmini ya mwaka 2008 ikafuatilia fedha ile ilikokwenda. Kichwa cha ripoti kinataja vitu vitatu: chumvi, sabuni na viatu vya shule.

Na iko hesabu kubwa zaidi, kutoka Afrika Kusini. Ubaguzi wa rangi ulipoporomoka, pensheni ya uzee ya Waafrika ilipanuliwa na kupandishwa mpaka ikalingana na ya wazungu. Esther Duflo, mchumi aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2019, alichapisha mwaka 2003 uchambuzi wa vipimo vya watoto katika nyumba zilizopata fedha hiyo. Pensheni ikipokelewa na bibi, mjukuu wa kike aliongezeka uzito na urefu. Ikipokelewa na babu, badiliko la namna hiyo halikuonekana. Duflo alipima fedha na vimo, hakwenda na nadharia ya mageuko mkononi. Lakini msomaji aliyefuatana nami kutoka Eyasi ameshamtambua yule bikizee na mti wake, na anaelewa kwa nini shilingi iliyotua mkononi mwake iliishia tumboni mwa mtoto.

Majirani zetu wamekwisha kuchukua hatua. Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alikuwa mvuvi au katibu mkuu, na baadaye kiwango kikaongezwa. Kenya mwaka 2018 ikawapanulia wazee wote wa umri huo malipo ya Inua Jamii, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Bara tuna Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003, tuna mpango wa TASAF unaozifikia kaya maskini zilizoorodheshwa, na tuna hotuba za tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani. Pensheni ya wazee wote hatuna.

Najua hoja ya Hazina: fedha haitoshi, wazee ni wengi. Nami nauliza, wazee hao wakigoma kwa mwezi mmoja, nani atalipa? Wauguzi wangapi hawataingia zamu, askari wangapi, wahudumu wa benki wangapi, walimu wangapi? Uchumi wetu umejengwa juu ya kazi ambayo haimo kwenye hesabu za pato la taifa, na wanaoifanya tunawaita wategemezi. Huo ndio upotofu unaozaliwa sosholojia isipoujua mwili, na baiolojia isipoijua mali.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwa wanaoandaa mitaala: mada ya mageuko ya binadamu isifundishwe kwa mafuvu peke yake. Mwanafunzi wa kidato cha sita apewe mtaa mmoja akahesabu nani analea watoto wa nani, nani anamlisha nani na kwa fedha ya nani, kisha arudi darasani aulizwe swali la baiolojia na la jamii kwa pamoja. Hatatoka hapo akidanganywa na kipaza sauti.

Kwa wabunge wetu: bajeti ijayo iwe na fungu la pensheni kwa kila mzee wa Tanzania Bara aliyetimiza miaka 70, alipwe yeye mwenyewe, kwa jina lake. Zanzibar walianza na elfu ishirini. Nasi tuanze.